Televizio Inaangalia Mulango ya Jikoni

Mama,

Jana tulirudisha televizio mu salon. Najua Tantine Albertine, dada ya Papa, atakuja ku kaburi yako kukuelezea kwa namna yake, njo maana nimeona heri nimutangulie. Atasema mutoto wako Nelly amekosa heshima mbele ya familia yote. Ni kweli nilipandisha sauti. Ni kweli pia nilikaa juu ya meza, mi mwanamuke mwenye batoto tatu, miguu inaning'inia, na nilikataa kushuka. Ile ingine yote usimuamini.

Wacha nianze ku mwanzo. Siku ile ulikufa, mbele hata mwili haijafika ku nyumba, banaume baliondoa bintu yote mu salon, sawa tunafanyaka ku kila kilio. Biti ya kukalia ikatoka inje, bufe ya sahani ikaenda mu chumba ya Papa, tukatandika mikeka na matela ili bamama bakae chini. Televizio yako, na mugongo yake ile kubwa, kaka yangu Didier aliibeba na jirani mpaka kwa Mama Odette, ngambo ya barabara. Ilibaki kule wiki yote hii, imefunikwa na kitambaa yako nyeupe ya maua. Nilikuwa napita kumusalimia Mama Odette na macho yangu inakataa kuenda upande ule.

Sasa kilio imekwisha. Tulifanya misa, bantu bakakula, bakarudi kwabo, na jana Tantine akasema kila kintu irudi ku nafasi yake. Mu salon, pale televizio ilikaaka, langi ya ukuta iko bado safi, kipande moja ya mraba, na sehemu ingine yote imechafuka na moshi na vumbi. Tantine akaonyesha pale na kidole. Hakuna mwenye aliuliza kitu. Papa akakubali na kichwa, Didier na bwana yangu Trésor bakaenda kuibeba.

Saa ile mi nilikuwa jikoni na Bibiche, muke ya Didier, tunasonga bukari. Nikasimama ku mulango kuangalia salon. Mama, kutoka pale unaona mukono ya kiti ya Papa na kalenda ya parokia, basi; ukuta ya televizio huioni. Nilikuwa nimesimama pale penye ulisimamaka miaka kumi, na ilikuwa mara ya kwanza naangalia kile wewe ulikuwa unaangalia. Mwiko ilibaki mu mukono yangu, bukari ikaanza kuungua.

Ile televizio ni wewe uliinunua, na feza ya samaki yako. Ulikuwa unarudi toka Kasenga juu ya lori, na mabeseni yako, miguu imevimba, tunakukanda na maji ya moto na wewe unatuhesabia mashimo ya barabara. Ukuta ile uliichagua wewe mwenyewe, ili mugeni akiingia tu aione. Ulikuwa na kiburi kidogo, Mama, tusidanganyane. Kiti ya mbele ilikuwa yako. Papa alikaa pembeni, anajifanya anasoma gazeti, na macho yake iko ku filme yako.

Halafu nikaolewa. Trésor akaanza kuja kila siku ya Mungu, Jumapili kisha misa, kuangalia mupira na Papa. Na wewe, akibisha hodi tu, unasimama, unajifunga kitenge muzuri, unaingia jikoni. Ni bukwe. Mama mukwe hakai uso kwa uso na mukwe wake, hakuli naye, hapiti mbele yake. Nani kwetu hajui ile? Trésor mwenyewe alikuwa anasikia haya, anasema heri aondoke, na wewe ukamutumia neno kupitia kwangu: mukwe ni mugeni, akae, amalize mupira yake. Mupira inakwisha, filme yako ile yenye inaendeleaka inaanza, mukwe angali anakunywa chai. Na mi niko nimekaa ku kiti yako. Ku kiti yako, Mama.

Toka jikoni unauliza: Nelly, yule mwanamuke amefungua barua? Nakujibu. Na bwana yake anasema nini? Nakujibu. Mara ingine nilichoka, nilikujibu neno moja tu, sawa muntu anafukuza nzi. Na iko siku moja yenye sitaisahau. Yule mwanamuke wa filme alikufa, mu kitanda ya hospitali, na binti yake pembeni. Ukauliza: Nelly, iko nini, mbona bamenyamaza? Nikakujibu: hakuna kitu Mama, banaongea tu. Sikutaka kuanza kueleza. Nilikuwa nakula karanga. Kesho yake ulisikia habari ku soko, bamama benzako banaizungumuza, na uliporudi hukunigombeza. Ulisema tu: kumbe alikufa. Tangu tukuzike ile neno inanichoma kila siku.

Na sasa ni zamu ya Bibiche. Naye ni mukwe, mukwe wa Papa. Hawezi kuja kukaa mu salon mbele ya baba mukwe wake. Tangu utuache ni yeye anawasha mbabula, ni yeye anapika, na angesimama pale penye ulisimama, anaangalia kalenda, mpaka naye azeeke. Na mi nije siku ya Mungu, nikae, nimujibu sawa nafukuza nzi? Hapana. Mara moja inatosha mu familia moja.

Nikapanguza mikono, nikaingia mu salon, nikapanda juu ya meza ya televizio, yenye ilikuwa imesha kurudi ku ukuta yake, nikakaa. Didier na Trésor bakaingia na muzigo yabo, bakasimama. Nikabaambia: haikai hapa tena. Itaenda kule ku ukuta ya dirisha, iangalie mulango ya jikoni.

Tantine akaanza. Jua ya dirisha itaharibu picha. Waya haifiki ku prize ya umeme. Bageni batageuza shingo sawa bata. Halafu akafika ku ile alikuwa anataka kusema tangu mwanzo: binti mwenye aliolewa hapangi salon ya baba yake, na mi nataka kuvunja bukwe, nataka muke wa kaka yangu akae na baba mukwe wake sababu ya filme. Nilimujibu, na nakuandikia jibu hapa ili usikie ku mukono yangu mwenyewe. Nilisema: Tantine, bukwe inakataza kukaa pamoja, haikukataza kuona. Mama aliheshimu bukwe mpaka siku ya mwisho, hakuna mwenye atamufundisha. Ni sisi tulikuwa na televizio ya kugeuza, na tukamugeuza yeye aangalie ukuta. Ku dirisha tutaweka pazia. Waya tutanunua ralonge ya kuirefusha. Na bageni bana shingo, bazigeuze.

Trésor, maskini, hawezi kusema kitu mbele ya baba mukwe wake mu mambo ya nyumba ile, jasho tu inamutoka. Didier akasema: yaya, dada yangu, shuka, mugongo yangu inavunjika. Nikamuambia ivunjike.

Papa alikuwa amekaa mu kiti yake. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari, Mama, nilikuwa nimesha kupanga ningechukua kitenge yangu na batoto yangu na kuenda, na nisirudi. Lakini aliniuliza polepole: na mama yako, mbona hakuniambia? Ile swali ilinimaliza. Nikamujibu: hukumuuliza, Papa. Hata mimi sikumuuliza. Na nikalia pale pale, juu ya meza, mbele ya bote, mafuta ya jikoni ingali ku mikono.

Papa alisimama, akashika kiti yake na mikono mbili, akaikokota mpaka ikaangalia ukuta ya dirisha, akakaa. Tantine akachukua sakoshi yake ya mukono, akasema anarudi kwake Kipushi. Hapo njo nilishuka, tukabeba meza.

Batasema Nelly hana adabu. Basi baseme. Adabu yangu niliikalia miaka kumi, ku kiti yako, na karanga mu mukono. Sitaomba musamaha kwa Tantine, hata akituma padri. Musamaha yangu iko kwako peke yako, na nimechelewa kuileta.

Jioni filme ikaanza, na kuran ya umeme haikukatwa. Papa alikuwa ku kiti yake, ameipa jikoni mugongo, kwa hiyo bukwe haikuguswa hata na ukucha. Kiti yako tuliiacha wazi, mi nikakaa chini ku mukeka. Bibiche alikuwa ku mulango ya jikoni, amekaa juu ya kibao, anachambua majani ya lengalenga mu beseni. Mwanamuke mwingine wa filme akachukua ufunguo, na mi bila kufikiri nikapiga kelele sawa nilizoea: anafungua mulango! Na Bibiche akanijibu na sauti ya kawaida kabisa: niko naona, yaya. Papa akainama, akatafuta miwani yake chini ya kiti kwa muda mrefu. Miwani ilikuwa ku macho yake.

Lala muzuri, Mama yangu wa Kasenga. Hii televizio haitarudi ku ukuta ya zamani mi nikiwa hai. Mwenye atajaribu atanikuta juu ya meza, hata nikiwa bibi mwenye meno moja. Na kila siku ya Mungu kisha misa nitakuja ku kaburi yako kukuelezea filme imefika wapi, yote, bila kukata, hata jua ikiwaka. Naanza leo na ile nilikunyima. Yule mwanamuke alikufa asubuhi, Mama. Binti yake alikuwa amemushika mukono. Mbele ya kufunga macho aliuliza kama mvua inanyesha inje, na binti akasimama, akaenda ku dirisha, akaangalia muzuri, akarudi, akamuambia.

Nelly, mutoto wako