Bega la Kumtoa Mwali

Jumatatu, tarehe 6
Mungu alipogawa mabega nilifika wa kwanza. Wengine wote walipewa makombo. Leo tena, hapa relini Ngerengere, nimebeba taruma la chuma peke yangu, wenzangu wanabeba wawili wawili kama jeneza. Nikadai waniongezee la pili. Wakaniongezea. Bega la kulia likalia pwaa, kama kanga ikichanwa. Nikacheka. Wao hawakucheka.

Jumatano, tarehe 8
Nyapara kanirudisha nyumbani Bigwa. Mkono haufiki hata mdomoni. Nakula kwa kushoto kama asiye na dini.
Na dada yangu Mwanaidi anatolewa mwali Jumapili ya tarehe 19. Siku hiyo mwali hakanyagi chini, anachezwa juu ya bega. Haki ya kumbeba ni ya Mjomba Kibwana. Mimi na mdomo wangu nikaiomba mbele ya watu wote, na mzee wa watu akanipa.

Ijumaa, tarehe 10
Kwa daktari Mdachi, mjini. Kanyanyua mkono, nikamtukania mama yake kwa Kiluguru. Bahati nzuri mkalimani ni Mzaramo. Daktari akasema: mfupa mzima, kano ndiyo imechanika. Mkono ufungwe kifuani, miezi miwili usibebe hata kuku.
Miezi miwili! Kitambaa alichonipa nimekificha chini ya mkeka.

Jumapili, tarehe 12
Bibi Mwanahawa, mkandaji. Majani ya mnyonyo ya moto, mikono laini, nikasinzia. Halafu wimbo ule ule: pumzika, usibebe.
Nikamwambia, "Shikamoo niliyokupa naichukua, Bibi. Dawa ya shujaa huna?"
"Ya shujaa ninayo, mjukuu wangu. Ya mjinga ndiyo sina."

Jumatano, tarehe 15
Nimempata anayesema ndiyo. Fundi wa chale, juu Mgeta. Kanichanja, kapaka masizi. Eti siku tatu tu, nitabeba ng'ombe. Huyu ndiye tabibu.

Jumamosi, tarehe 18
Bega limevimba, linawaka. Silali. Kikombe cha maji kimenishinda.
Mwanaidi kaniletea salamu kupitia shangazi, toka ndani alikofichwa. Anafurahi ni mimi, maana Mjomba ananuka tumbaku. Nimelia. Mabega yote haya, nalia.

Jumapili, tarehe 19
Kaanguka.
Ngoma ilinyamaza yote kwa mara moja. Shanga zilitawanyika mchangani. Wanawake walimfunika, wakamrudisha ndani. Nimewaambia watu niliteleza kwenye jiwe.

Jumanne, tarehe 21
Nyonga imemwuma, lakini anatembea. Wazee wamesema kutolewa kule hakukuhesabika. Akae ndani hadi mavuno mengine. Watu wa mchumba wake, waliokuja ngomani, wameondoka bila kula. Natamani ardhi inimeze, na yenyewe haitaki.

Ijumaa, tarehe 24
Asubuhi shangazi alimruhusu Mwanaidi anifunge mkono. Kitambaa cha Mdachi alikitoa mwenyewe chini ya mkeka. Alifunga polepole, fundo likakaa nyuma ya shingo. Mkono hauinuki tena. Bibi Mwanahawa kautazama akatikisa kichwa.
Jiwe halikuwapo. Alfajiri ya ngoma nilijaribu kuinua kinu kitupu nikashindwa, nikajua. Saa ya kumbeba, Mjomba alisimama kando yangu, amevua kanzu, bega lake tayari, akaniangalia. Neno moja tu lilitakiwa. Sikumwita.