Swichi ya Dukani kwa Shahid

Bagamoyo, 22 Aprili 2025

Kaka Amin, shikamoo. Mzima wewe na wifi? Mie na Najma wazima, ila kijino kinamsumbua.

Kaka, nina balaa kazini. Swichi, lile boksi linalogawa mtandao kwenye kompyuta za duka, haijibu. Naipingi, yaani naiita kwa kompyuta nione kama ipo, vile ulivyonifundisha, haiitikii. Bosi Shahid kasema mbele ya wateja kuwa Najma, maana nakuja naye kazini, kamwaga uji kwenye kabati la swichi. Mtoto hata kutambaa hajui. Kasema isipojibu kufika Ijumaa, nirudi kwetu Mkange na mwanangu. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Ashatu

Dar es Salaam, 23 Aprili 2025

Marahaba, mdogo wangu. Sisi wazima. Mwambie Najma mjomba anampa pole ya jino.

Kwanza pingi namba ya mtandao ya kompyuta yako yenyewe. Ikijibu, haina kosa. Kisha badilisha waya. Ikigoma bado, fungua kabati utazame tundu ulilochomeka waya kama taa yake inawaka. Haiwaki, hamishia tundu jingine. Na kabla ya kufuta uchafu wowote, zima umeme.

Kaka'ko,
Amin

Bagamoyo, 25 Aprili 2025

Kaka, shikamoo. Natumaini hamjambo.

Kompyuta ilijijibu. Waya nikabadilisha, wapi. Nikamwomba Shahid ufunguo wa kabati, akawa ananizungusha, mara kausahau, mara kesho. Leo kaenda msikitini kauacha mezani. Nikafungua.

Nilitapika. Kumbe kwa mvua hizi za masika kakosa pa kuanika samaki, kaning'iniza ng'onda mle juu ya swichi, eti kuna joto na feni. Zinachuruzika maji ya chumvi, funza wanatambaa kwenye nyaya, matundu yameota kutu ya kijani. Nikazima, nikafuta kwa spiriti pua nimeziba na mtandio, waya nikauhamishia tundu kavu la pembeni. Nikawasha, nikapingi. Ikajibu.

Shahid karudi, kaona mtandao umerudi na wateja wamejaa, akawatangazia kuwa uji wa mtoto umeshasafishwa. Hapo alinitia kinyaa kuliko wale funza. Nikazitia ng'onda kwenye sinia, nikaziweka mbele yao.

"Bosi, uji wa mwanangu huu hapa."

Mzee mmoja kajiziba pua akauliza, "Shahid, na mchuzi wake uko wapi?" Watu wakacheka hadi barabarani. Mwenyewe kachukua sinia katokea mlango wa nyuma. Baadaye kaniuliza kwa sauti ndogo kama Jumatatu nitakuja. Nimemwambia nitakuja, na Najma atakuja.

Nimeoga na kuoga. Mtoto kakataa ziwa kwa harufu ile. Nimejipaka liwa, ule msandali wa kunukia, mpaka shingoni, ndiyo kwanza ananyonya.

Mdogo wako,
Ashatu