Daraja la Barafu

Jumapili, Kitengela

Na wanacheka huku YouTube! Jamaa kwenye video anasema ile gemu ya bata mwenye buti ilikuwa takataka tangu itoke, eti kamera ilikuwa inajigeuza yenyewe na kila mtu alianguka kwenye daraja la barafu. Watu chini yake wameandika hivyo hivyo: si wewe, ni kamera.

Laiti kaka yangu Ochi angesoma hayo.

Tulipokuwa tukiishi Kajiado alianguka pale likizo nzima, na hakuwahi kuvuka. Hatukuwa na kadi ya kuhifadhi mchezo, kwa hivyo hakuwa anazima mashine. Aliifunika kwa kitambaa cha kochi ili Mum asione taa akaizima. Stima ikipotea, anaanza mwanzo.

Hakulaumu gemu. Aliangalia vidole vyake akasema, "Mimi ndio niko na mikono mizito." Hata hospitalini, siku chache kabla hajatuacha, kikombe kilimponyoka akarudia maneno hayo hayo akicheka.

Leo Mum alisikia muziki wa hiyo video akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Si hiyo ni ile ya Ochi?"

"Ndiyo, Mum."

Akasimama kumwangalia bata. "Nilikuwa najua haizimwi. Nilikuwa napanguza vumbi nikizunguka hicho kitambaa, nisimharibie."

Sikujua.

"Na hilo daraja, mwishowe aliliweza?"

"Aliliweza, Mum."

"Nilijua tu," akasema, akarudi kusonga ugali.

Nilizima sauti. Bata akaendelea kuanguka.