Unyayo Wako Ulikuwa Haki Yangu

Mwaka mmoja umetimia, Baba Watoto, tangu ulipotutoka asubuhi ile katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wangu na macho yako kwa muuguzi. Hata siku hiyo nilikugawana na mtu.

Binti yetu mkubwa alikuwa ameshaandika kumbukumbu yako, fupi na nzuri: mume mwema, baba mpole, fundi hodari. Nikamwambia, "Hayo ni kweli, lakini yanamfaa marehemu yeyote. Nipe kalamu." Akasema, "Mama, tafadhali, watu watasoma." Nikamwambia wasome tu.

Ulikuwa fundi viatu kwa miaka thelathini na mmoja. Ulishika misumari midogo kwa midomo na bado ukapiga soga bila kudondosha hata mmoja. Uliingia nyumbani ukinuka gundi na ngozi, ukapanga viatu vya nyumba nzima mlangoni, na ukiona soli imelika upande mmoja ulisema mwenye kiatu hiki ana maringo. Watoto walicheka. Nilicheka na mimi, huku nikijua kiatu ni changu.

Kisukari kilipokupata hatukujua kitu, si wewe si mimi. Nilichukua kikopo cha sukari nikakifungia kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la nguo, nikajiona nimemaliza matibabu. Wewe ukawa unakula nusu mkate kwa chai isiyo na sukari, na sote wawili tumeridhika. Vidonge ulimeza siku mbili kabla ya kliniki. Siku hizo mbili ulikuwa mtakatifu! Kipimo cha asubuhi kikitoka vizuri ulirudi ukijipiga kifua, na jioni nakukuta unatafuna biskuti nyuma ya mlango.

Ikawa hivyo mpaka muuguzi yule mfupi wa kliniki ya Jumatano alipokutoa damu ya kipimo kingine. "Baba, hiki hakidanganyiki," akakuambia. "Kinakumbuka miezi mitatu." Akakuongezea kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Ulirudi nyumbani umenywea, chakula kikapoa mezani.

Tangu siku hiyo ukabadilika. Ulijifunza kwamba mkate na viazi navyo hugeuka sukari mwilini, kwamba dawa ni ya kila siku hata siku unayojisikia mzima, na kwamba ugonjwa huu hutia miguu ganzi, na mguu wenye ganzi haulalamiki. Tena ukajifunza kuwaeleza wengine. Pale kwenye benchi la kliniki uliwavua wagonjwa viatu, ukaingiza mkono ndani kutafuta changarawe na mishono inayokwaruza, ukawafundisha kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Wakakubandika jina, Daktari wa Chini. Nilisikia sokoni jinsi wanawake wa benchi lile walivyokusikiliza midomo wazi, roho ikaniuma. Mimi mkeo hukuwahi kunieleza jambo hilo kwa zaidi ya dakika mbili. Watoto wanasema niliyekuwa nakukatiza ni mimi. Inawezekana.

Halafu kukawa na yeye, fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye karakana yake na yako zilitenganishwa na ubao mmoja tu. Mjane, mnene kidogo, ana kisukari kama wewe, na ana kicheko kinachopenya ubao. Nilimjua kwa miaka na sikuwa na neno naye, mpaka siku ya mvua nilipokuletea mwavuli saa kumi alasiri. Nikakukuta umekaa kwenye kigoda, mguu wako mtupu uko juu ya mapaja yake. Yeye ana utepe wa kupimia shingoni, ameinama, anakupanua vidole kimoja kimoja.

"Karibu, shemeji, ukae," akasema, wala hakushtuka.

"Nikae wapi? Mapaja yamejaa."

Ukacheka. Ungejua jinsi nilivyoumia usingecheka. "Mama Watoto, tunatazamana nyayo," ukasema. "Goti langu halikunjiki, macho yangu nayo ndiyo hayo. Yeye ananitazama mimi, mimi namtazama yeye. Muuguzi amesema kila siku."

"Kwani nyumbani hakuna macho?"

"Nimekuomba mara tatu," ukasema taratibu. "Ulisema miguu yangu inanuka gundi."

Nilisema hivyo, ndiyo. Lakini mke akisema mguu unanuka hajasema upelekwe kwa mwingine! Nilikuambia hapo hapo, mbele yake: kuanzia leo unyayo huu ni wangu, na mtu mwingine asiuguse. Ukamtazama yeye, ukanitazama mimi, ukavaa soksi. "Nimekuahidi," ukasema. Yeye akarudi kwenye cherehani yake.

Nikaanza kazi. Kila jioni kabla ya chakula ulikaa kwenye kochi nami nikapiga magoti na kurunzi. Ulinielekeza, "Tazama katikati ya vidole. Tazama kisigino. Ukiona wekundu, ukiona ngozi imetutumka, sema." Nikaitikia. Lakini nitakuambia leo kile ambacho sikukuambia siku zote zile: sikuwa natafuta kidonda. Nilikuwa natafuta alama za mikono yake. Nilinusa mguu wako nikitafuta mafuta ya mwanamke mwingine, na nilipokosa, nilisema, "Uko salama," nikazima kurunzi.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha nikafua shati lako la kazini nikaona kifungo kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Mimi sina uzi wa buluu. Sikuuliza, nikanuna. Jioni ile ulikaa kwenye kochi ukanyoosha mguu, nami nikapita na sufuria mkononi kama sikuoni. Jioni ya pili vilevile. Jioni ya tatu hukunyoosha mguu tena. Nilinuna siku tisa, na mwenyewe unajua nikinuna ninavyonuna.

Ndani ya siku hizo tisa msumari mdogo wa kazini kwako, wa aina ile uliyoshika kwa midomo maisha yako yote, ulipenya soli ukaingia chini ya kidole gumba. Siku ya kumi niliona doa kwenye soksi.

"Mbona hukusema?"

"Sikuhisi kitu," ukasema, ukiushangaa mguu wako mwenyewe.

Ulikuwa hatua nne kutoka kwa mtu ambaye angeuona siku ile ile. Hukwenda. Ulikuwa umeniahidi. Kidonda kikala kidole, vikafuata vidole vingine, wakakata mguu chini ya goti, na homa haikushuka. Daktari alisema mambo yalikuwa mengi, kwamba hata figo zilikuwa zimechoka, nisijilaumu. Watoto wanasema, "Mama, acha." Siachi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na huu nilikudunga wewe. Nisamehe, Baba Watoto.

Ulipotimiza miezi mitatu kaburini nilikwenda kuifunga karakana. Nilikuwa nakusanya nyundo zako na vipande vya ngozi niliposikia cherehani ya chumba cha pili inakanyagwa kwa kusitasita. Nikachungulia. Alikuwa anakanyaga kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja chini ya kiti. Nikajaribu kuondoka. Akaniita.

"Shemeji, naomba unitazame unyayo. Tangu siku ile ya mwavuli sina mtu."

Tangu siku ile. Nilikuwa nimekunyang'anya macho wewe, na nimemnyang'anya na yeye, nami sikuwahi kumhesabu. Nikataka kusema sina nafasi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake nikavuta kigoda chako, nikakaa, nikaupokea mguu wake mapajani. Ni mguu mzuri, nakiri, na jambo hilo lilinikera. Safari hii nilitazama ulivyonifundisha. Kwenye kisigino palikuwa na wekundu wa ukubwa wa kifungo, na katikati ngozi imeanza kututumka. Nilimvalisha kandambili, nikamshika mkono, tukaenda kliniki saa ile ile. Muuguzi mfupi akasafisha, akafunga, akasema tumewahi.

Sasa nakwenda kila siku saa kumi alasiri. Tunazungumza kidogo. Nilimuuliza habari ya uzi wa buluu. Akasema macho yako hayakuwa yanaona tena tundu la sindano, ukaona haya kuniambia, ukamwomba akushonee kifungo kabla sijakiona kinaning'inia na kukugombeza. Halafu akasema, "Marehemu alikuwa na mkono mwepesi." Nikaubana mguu wake kidogo.

Akacheka kile kicheko chake. "Shemeji, wewe unanilia ngoa mimi? Miaka minne mtu ananishika mguu huku ananisimulia mkewe. Mama Watoto kasema hivi, Mama Watoto kapika hivi. Aliyekuwa na haki ya wivu ni mimi."

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nilijifanya natazama katikati ya vidole.

Jumatano hukaa na watu wa benchi lako. Mimi si mwalimu kama wewe, lakini nawaambia hili moja: mpe mtu wa nyumbani mwako unyayo wako autazame kila siku, na wewe uliyepewa utazame kidonda, usitazame mengine. Wananisikiliza. Kisha wanaanza kunihadithia habari zako, Daktari wa Chini alisema hiki, alitutengenezea viatu laini vya namna hii, na wananionyesha viatu hivyo kwa fahari. Vyote vizuri kuliko vyangu. Tutaonana huko uliko, utanieleza.

Wanaokukumbuka ni mkeo. Binti yako mkubwa, ambaye hajafurahishwa na barua hii. Kijana wako dereva na mkewe. Kitinda mimba wako. Wajukuu zako watatu, wanaopanga viatu mlangoni bila kuambiwa. Kaka yako muashi. Na benchi zima la Jumatano. Fundi cherehani wa chumba cha pili ameomba naye awekwe. Nimemweka, wa mwisho.

Sote tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Mimi zaidi yao.