Tuta la Harrowick

Tuta la Harrowick,
Jumamosi, 3 Julai 1976

Baba,

Shikamoo. Kifua kinasemaje, na lile goti? Mimi ni mzima, na mbuzi wetu Nettle ni mzima kupita kiasi. Jana amekula kipande cha ramani, kuanzia lango la maji la tano hadi la tisa, kwa hiyo huko mbele tutakwenda kwa kubahatisha.

Umeshaona hapo juu naandika kutoka wapi. Sikukuambia mapema kwa sababu ungenikataza. Miaka ishirini na sita ulitembea juu ya tuta hili la mfereji kila asubuhi ukililinda, na mimi nimelifikia mara mbili tu, nikiwa mabegani kwako. Nataka kulipiga picha lote, hatua kwa hatua, wakati bado wapo watu wanaokumbuka ulivyokuwa ukilitembea.

Boti nimeifunga katikati, pale mfereji unapopita juu kuliko mapaa ya nyumba. Nikifungua dirisha la upande mmoja namwona bata usawa wa pua yangu. Nikifungua la upande wa pili naona bomba la moshi la Bi Tranter, chini kabisa. Unamkumbuka? Ana miaka themanini na moja na bado analima maharage yake mwenyewe. Aliponiona nateremka tuta na mbuzi alinitazama weee, kisha akasema, "Baba yako Jethro alikuwa na mbwa. Kila kizazi kinashuka daraja."

Nchi nzima imekauka, imekuwa rangi ya ganda la mkate. Mfereji huu bado umejaa kwa sababu ya bwawa la milimani. Na chini ya tuta, nyuma ya banda la kuku la Bi Tranter, kuna ulimi mmoja wa majani mabichi ambao hauishi hata Nettle aule vipi. Namfunga pale kutwa. Bi Tranter anasema hata kisima chake mwaka huu kimejaa wakati vya wenzake vimebaki tope.

Nimekuwekea picha nne. Nimezisafisha chooni, kwenye beseni, kwa hiyo samehe madoa.

Binti yako,
Tamsin


Pennyholt,
Alhamisi, 8 Julai 1976

Tamsin mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, goti linalalamika, na mimi nimekaa katikati nawasikiliza wote wawili. Mengine mazima.

Picha nimezipokea. Ya kwanza imepinda. Ya pili ni ya bata, na bata nimeshawaona. Ya tatu nzuri.

Ya nne nimeitazama tangu juzi. Nettle ni mweupe mwili mzima, nilimnunua mwenyewe sokoni, namjua. Kwenye picha amevaa soksi nyeusi mpaka magotini. Mvua haijanyesha tangu Mei. Mbuzi wako amekanyaga nini?

Chukua chupa ya jamu, ioshe vizuri. Teremka hapo kwenye majani, chimba kwa kijiko, ngoja maji yajae, teka. Iweke dirishani na usiitikise. Kesho yake iangalie chini kabisa, kisha uniandikie ulichoona. Ukishafanya hivyo, ondoa boti hapo. Vuka Daraja la Matofali ukalale ng'ambo, ambako ardhi iko juu pande zote mbili.

Msalimie Bi Tranter. Mwambie mbwa alikufa.

Baba yako


Tuta la Harrowick,
Jumanne, 13 Julai 1976

Baba,

Shikamoo tena. Nafurahi kwamba goti bado lina nguvu za kulalamika. Sisi huku hatujambo ila joto. Ndani ya boti bati linawaka, nalala na mlango wazi.

Chupa nimeitega kama ulivyoniagiza. Maji ni safi kama machozi. Chini hakuna kitu, hata chembe. Ni tope tu la chemchemi, na Nettle analipenda.

Boti sijaiondoa. Siku kumi na nne za ruhusa ya kufunga boti mahali pamoja zikiisha nitasogea hadi darajani, nigeuze, nirudi, kama wenye boti wote tunavyofanya. Nakuomba usikasirike mpaka umalize kusoma.

Jana nilikwenda dukani Harrowick kuchukua barua yako. Muuza duka, anayeshika na posta, alisoma jina kwenye bahasha, akamwita mkewe. "Njoo umwone binti wa Likizo." Nikamuuliza likizo gani. Wakacheka wote wawili. Mke ndiye aliyenihurumia. "Usimjali mume wangu, mpenzi. Baba yako alifunga mfereji siku tatu mwaka sitini na tano. Boti zimekwama, kiwanda hakina maji, watu wamekaa kwenye nyasi wanakunywa bia. Mpaka leo tunaiita Likizo ya Jethro."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Baba. Nakumbuka ulirudi nyumbani mchana, ukavua buti, ukaziweka nje. Hukuzivaa tena. Mama alikuwa kitandani na hakuna aliyenieleza neno. Nimekua nikiamini uliacha kazi ili umuuguze.

Bi Tranter nilipomuuliza alinipa bakuli la maharage nimenye. Alisema tu, "Alizishusha mbao za kufungia maji kwenye madaraja yote mawili, peke yake. Mwanamume hafanyi kazi ya namna ile kwa mchezo."

Je, unataka niondoke kwa sababu ya maji, au kwa sababu ya yale watu watakayonisimulia? Niambie ukweli. Sitakuhukumu. Mimi nachoka zaidi kwa kutojua.

Binti yako,
Tamsin


Pennyholt,
Ijumaa, 16 Julai 1976

Tamsin,

Marahaba. Sijambo.

Maji safi ni habari njema. Tuta lolote la zamani linatoa jasho, na jasho safi halidhuru. Likianza kutoka na udongo, ujue linaliwa ndani. Tega chupa kila siku. Tega hasa baada ya boti kubwa kupita.

Na uhame. Nimekwisha kusema.

Baba yako


Tuta la Harrowick,
Jumamosi, 24 Julai 1976

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili hauna neno.

Chupa ya Jumatano ilikuwa safi. Ya Alhamisi nilidhani nimeitikisa. Ya jana, Ijumaa, ni kama chai ya maziwa, na leo asubuhi imetua na kuacha udongo wa bluu unene wa kidole. Nimeupaka kwenye kiganja. Ni laini, unanata. Nadhani ndio ule udongo mfinyanzi ulioniambia wazee waliukanyaga kwa miguu ili mfereji usivuje.

Nilipanda basi jana hiyo hiyo hadi ofisi ya mfereji, na chupa mapajani. Nilikutana na Bwana Lathbury, mkubwa wa sehemu hii. Alinisikiliza kwa adabu. Aliposikia jina langu akainuka, akafungua kabati, akaleta faili.

"Dada yangu," akasema, "mahali hapo hapo, nyuma ya banda hilo hilo. Tulishalizungumza."

"Mlichimba mkaangalia?"

"Kwa nini tuchimbe? Soma."

Ni karatasi moja, imepigwa taipu. Inasema kwamba tarehe fulani ya Septemba 1965 ulifunga mfereji bila sababu, kwamba ulikuwa umekunywa, kwamba maji uliyoyaona yalitoka kwenye kisima cha jirani, na kwamba tuta ni zima. Chini yake pana jina lako, kwa kalamu. Nikasema baba yangu hanywi. Akasema, "Hata mimi nilishangaa. Lakini aliandika mwenyewe, na sisi tukamwamini."

Nimeutazama mwandiko ule mpaka macho yakauma. Herufi ya kwanza ina mkia kama unavyouweka wewe. Lakini mkono wa mtu unaweza kuigwa.

Nimembembeleza Bi Tranter akalale kwa mpwa wake. Amesema, "Nimekaa chini ya maji haya miaka sitini, hayajawahi kunidondokea. Karatasi ya Jethro inasema tuta ni zima, sivyo? Basi." Anakuamini, Baba. Wote huku wanakucheka na wote wanakuamini.

Sasa nisikilize. Mbao za kufungia bado zipo kwenye madaraja, nimefunua vifuniko nikazihesabu. Naweza kuzishusha. Watanipeleka mahakamani, wataichukua boti, nami sina nyumba nyingine. Nitalifanya hilo kwa neno lako tu. Kama karatasi ile ni ya kweli, niambie ni ya kweli, nami nitanyamaza. Kama si ya kweli, niandikie neno moja. Nitakwenda posta kila siku kuanzia Jumatatu, na sitagusa kitu kabla ya kusikia kutoka kwako, kwa sababu sitaki kumwita baba yangu mwongo kwa kubahatisha.

Boti nimeisogeza hadi Daraja la Matofali, kama ulivyotaka.

Binti yako,
Tamsin


Pennyholt,
Jumanne, 27 Julai 1976

Tamsin mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo na chai ya asubuhi. Chai imepoa.

Saini ni yangu. Maneno ni yao.

Mwaka ule chupa yangu ilikuwa kama yako. Nilifunga madaraja yote mawili nikampelekea taarifa mkubwa wa wakati huo. Kwa siku tatu maji yaliposimama, jasho lilikauka. Wakaja wakaona pakavu, wakaniuliza maji yako wapi. Jibu nilikuwa nalo: pamekauka kwa sababu nimefunga. Lakini nyumba tuliyokuwa tunaishi ilikuwa ya ofisi, na mama yako alikuwa amebakiza wiki chache, na wewe ulikuwa shuleni. Wakaniwekea karatasi mezani. Wakasema, weka saini, mtakaa humu. Niliweka. Bado nakaa humu.

Tangu hapo kila mvua ikinyesha naamka. Nilijiambia tuta limejiziba lenyewe, kwamba udongo mfinyanzi hufanya hivyo. Hufanya kweli, wakati mwingine.

Shusha mbao. Anza na Daraja la Matofali, ndilo lililo karibu na bwawa. Ziko kumi na moja. Ya chini kabisa imechongwa mdomo upande mmoja, mdomo uangalie chini. Funga kamba pande zote mbili, teremsha polepole, kanyaga kila moja ikae kabla ya kuweka nyingine. Zitavuja. Chukua majivu ya jiko lako, yamwage majini upande yanakotoka maji, yatavutwa kwenye nyufa na kuziziba. Kisha nenda daraja la pili ufanye vivyo hivyo.

Lakini kabla ya yote mtoe Bi Tranter, hata kwa kumbeba. Atakutukana. Mwache atukane. Mwambie Jethro amesema alidanganya.

Wakija kukuuliza, waambie ni mimi niliyekutuma.

Baba yako


Ukumbi wa kanisa, Harrowick,
Alhamisi, 5 Agosti 1976

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nina mshono mmoja kichwani na vidole viwili vimefungwa, basi. Najua umepiga simu hapa ukumbini mara tatu. Sikutaka kuipokea. Naandika kwa sababu kwenye barua huwa sikatizwi.

Tuta lilipasuka Alhamisi iliyopita, tarehe 29, saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa juu ya daraja na kamera na Nettle, nikingoja ukungu uinuke. Hakukuwa na kishindo. Maji yaliyokuwa yamesimama chini yangu yalianza tu kwenda. Boti yetu ilivuta kamba zikakatika, ikaondoka kama mtu aliyeitwa. Nilikimbia kwenye njia ya kando mpaka mahali ambapo njia haikuwepo. Huko chini sikuona nyumba. Niliona bomba la moshi, kisha sikuliona.

Walimpata Bi Tranter saa sita mchana, mbali, shambani kwa watu. Alikuwa amevaa buti zake. Alikuwa ameshaamka.

Nettle yuko hapa nje, amefungwa kwenye uzio wa kanisa, anakula maua ya watu na hakuna mwenye moyo wa kumkemea. Kamera ninayo.

Duka lilijaa maji, kwa hiyo barua zimechelewa kugawiwa. Ya kwako nimeipata leo. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kila kitu ulichoandika ni sahihi, hata ule mdomo wa ubao wa chini, kwa maana nimekwenda kuuangalia.

Kisha nikaitazama bahasha. Wewe uliandika Jumanne, tarehe 27. Muhuri wa posta ya Pennyholt unasema tarehe 29, mchana. Sanduku la posta liko mlangoni pako, Baba. Ukiinua mkono kutoka dirishani unalifikia.

Jumanne nilikwenda dukani. Jumatano nilikwenda. Muuza duka alisema, "Leo hakuna kitu, Likizo," nikarudi nikalala. Ingefika Jumatano, ningekuwa na mchana mzima. Sijui kama mbao zingetosha. Na sijisafishi: hakuna aliyenifunga mikono. Chupa niliiona kwa macho yangu, na bado nilitaka neno lako kwanza. Hilo ni langu, nitakaa nalo.

Nimefikiria siku mbili ulizozitumia kuitazama bahasha hiyo juu ya meza, na nimejaribu kukuchukia, sijaweza. Ningeweza, ingekuwa nafuu.

Kikao cha uchunguzi ni Jumatatu, tarehe 16, saa nne asubuhi, humu humu ukumbini. Bwana Lathbury atakuja na faili. Atasoma karatasi yako mbele ya mpwa wa Bi Tranter na mbele ya watu wote wa Harrowick, na wao wataiamini, kama walivyoiamini siku zote. Barua yako ninayo mfukoni, naweza kuisoma mimi. Sitaisoma. Nataka waisikie kwa sauti iliyotia saini.

Basi la Pennyholt linafika hapa saa tatu na nusu. Nitaweka kiti kando yangu, mstari wa mbele, na sitamruhusu mtu akikalie mpaka watakapofunga milango.

Ni mimi, binti yako bado,
Tamsin