Usalama ya Mama Suzanne

Jumatatu, 3 novemba 2025

Article ya Viviane imekubaliwa! Na revue ileile ya Ulaya, jarida yenye ilikataa yangu mara mbili. Profesa Isidore alikuya mwenyewe mu biro yetu kututangazia. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mikono iko inaniwaka mpaka sasa.

Wivu? Ndiyo, wivu. Hapa sina mtu wa kudanganya.

Miaka saba siye wawili ni assistants wa Isidore, utafiti moja, vita na usalama. Mimi ndiye nakanyaga matope na kulala kwa wakimbizi. Yeye anakaa biro na kifaransa yake tamu. Na bourse, pesa ya kusomea doctorat, ni moja tu! Isidore anasema atataja jina jumamosi, conférence ikiisha.

Jumanne, 4

Nimesoma ile article. Heri ningeacha.

Inaanza na maneno ya Mama Suzanne, yule mama mukimbizi wa Rwambuzi: «Usalama ilikimbia mbele, siye tukaifuata. Vile ilirudi, siye pia tukarudi. Lakini ilirudi na kidonda.» Kisha kurasa ine Viviane anaeleza: kwa watu wetu wa Ituri, usalama ni musafiri, inaenda, inarudi, imeumizwa. Isidore anasema hajasoma kitu kizuri hivi tangu aanze kufundisha.

Lakini ni mimi niliongea na ule mama! Ni mimi niliandika maneno yake! Jina yangu iko wapi? Chini kabisa ya ukurasa, note ya kumi na saba, herufi kama siafu: «transcription: Estelle». Basi. Mimi nalima, mwingine anavuna.

Alhamisi, 6

Nilienda Rwambuzi kualika Mama Suzanne kwa conférence. Nilitaka watu wote wasikie kama aliongea na mimi, si na Viviane.

Nikamukumbusha: mama, ile siku uliniambia Usalama ilirudi na kidonda... Akacheka mpaka machozi.

«Eh, mutoto wangu, weye ungali unakumbuka Usalama! Ilikuwa inatoa litre nane kila asubuhi!»

Litre nane?

Ng'ombe! Usalama ni ng'ombe yake! Muzee wake aliipatia ile jina juu ilizaliwa mwaka wenye vita ilisimama. Vile waasi walishambulia kijiji, ng'ombe ikakimbia mbele, watu nyuma. Ikarudi mukia imekatwa na panga. Picha yake iko mpaka leo ndani ya Biblia ya mama.

Aka! Ni hii kiswahili yetu. Amani i-, ng'ombe i-, kila kitu i-. Mutanzania angesema «alirudi», na mutu angejua ni kitu yenye kupumua.

Nilicheka njia muzima, mwenye pikipiki alizani nimelewa. Jumamosi nitanyoosha mukono. Swali moja tu, na heshima yote: «Madame Viviane, Usalama yako iko na pembe ngapi?» Mungu halali!

Ijumaa, 7

Nilitafuta cahier ya zamani, yenye niliandika maneno ya Mama Suzanne, niende nayo kesho kama ushahidi. Ukurasa wa kwanza, muandiko yangu mwenyewe:

«Dakika kumi za mwanzo anaongea tu mambo ya ng'ombe yake. Haina maana. Nimeruka.»

Viviane hakuwa kule. Alisoma tu kile nilimupatia. Aliniamini.

Sijakula.

Jumamosi, 8. Saa ine na nusu, mu salle ya conférence

Niko nyuma kabisa, naandika, kichwa chini. Mama Suzanne iko mbele, kiti ya kwanza, kitenge mupya. Ni mimi nilimwalika, ile siku ya furaha! Asubuhi nilitaka kumwambia arudi nyumbani. Ningemwambia sababu gani?

Viviane iko anaongea. Amefika kwa ile maneno.

Anasema: haya maneno si mimi niliyapata, ni Estelle. Anasema nilistahili zaidi ya note. Ameisha kuandikia revue: jina yangu iwekwe ya kwanza, mbele ya yake.

Ya kwanza!

Watu wanapiga makofi. Wanageuka kuniangalia. Naye Viviane anapiga, anacheka na mimi, roho safi kabisa, mujinga huyu, dada yangu huyu. Jina ya kwanza ni bourse, kila mutu hapa anajua. Isidore ananiita mbele nieleze vile niliyasikia.

Naendelea kuandika. Ananiita tena.

Mama Suzanne amesimama. Anaomba micro, anasema nisihangaike, yeye mwenyewe ataeleza habari ya Usalama vizuri. Anafungua Biblia. Anauliza kama watu wa nyuma wataona picha —