Garufalia Wawili na Tarishi Mmoja

Kalamata, 17 Februari 1986

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima, ila Mama ana mafua na Baba ana hasira zake za kawaida.

Bibi, tumeletewa tarishi mpya na mimi simwamini hata kidogo. Anapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne bila kuhema. Mbwa wa jirani, anayembwekea hata padri, alimwona akajificha chini ya meza. Na kisigino chake! Soksi imetoboka, na penye tundu nimeona nyoya. Nyoya la kuota, si la kubandika.

Hakuleta barua yoyote. Alifungua karatasi ndefu akauliza, "Garufalia Lirakou ni nani hapa?" Nikasema, "Mimi." Akanitazama juu mpaka chini, akaguna, "Mbona mdogo hivi?" Akasema atarudi Jumamosi ya Wafu, siku ile ya kuwaombea marehemu. Mama anasema nasoma hadithi nyingi mno.

Mjukuu wako,
Fali

Mani, 22 Februari 1986

Fali, mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonung'unika kama babako.

Mwambie mamako hujasoma hadithi za kutosha. Huyo ni Ermi, tarishi wa miungu ya kale. Padri wetu anasema hayupo, lakini padri hakuzaliwa huku karibu na pango la Tenaro, ule mlango wa kuzimu, hajui nani anashusha watu huko. Bibi yangu alimwona mara mbili.

Sasa sikiliza. Akirudi usimfukuze. Mkaribishe, muwekee kijiko cha cheri zangu za sukari na glasi ya maji, kama tunavyomwekea mgeni yeyote. Akishakula kwenu, hawezi kumgusa mtu wa nyumba hiyo. Sheria hiyo ni kubwa kuliko yeye. Na barua zetu asizishike, mpe dereva wa basi la huku.

Halafu niangalizie: kwenye karatasi yake umri umeandikwa? Na kijiji?

Bibi na somo yako

Kalamata, 8 Machi 1986

Shikamoo Bibi. Hali yako? Naandika haraka, basi linaondoka saa nane mchana.

Amekuja. Nilimkaribisha akasema hana muda. Nikamwambia, "Kwani bibi yangu amekukosea nini mpaka udharau mapishi yake?" Akaona haya, akala. Bibi, alilamba kijiko! Mara uso ukambadilika. "Wewe nani amekufundisha?" Nikamwongezea maji.

Nimechungulia karatasi. Hakuna umri, hakuna kijiji, jina tu. Akaniambia, "Nyie watu mnatusumbua. Bibi Garufalia, mjukuu Garufalia, nitajuaje? Mmoja lazima ashuke kabla ya Kwaresima."

Sasa ninayemshuku ni wewe. Ulijua! Uliuliza habari za umri, hukuuliza kama naogopa. Naogopa sana, na sitaki uende. Akija kwako mwekee cheri, kisha uniandikie kwamba amekula.

Fali wako

Mani, 15 Machi 1986

Fali wangu,

Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mimi sijambo, leo hata goti limenyamaza.

Yuko hapa sebuleni, ananisubiri nimalize kuandika. Kijana mwenye adabu, ila zile soksi ni aibu. Nimemshonea.

Ndiyo, nilijua tangu barua yako ya kwanza. Na kuna jambo nilikuficha. Cheri zinamzuia mpaka apate njaa tena, basi. Angekuvizia njia ya shule. Nimemuuliza anamtaka nani kati yetu, akasema kule chini hawajali, atamchukua wa kwanza atakayemfungulia mlango bila kumlisha. Nikafungua. Miaka themanini na moja sijawahi kumwacha mgeni akae mbele yangu mdomo mkavu, na leo hata maji sijampa. Usiwaambie majirani, watanisema.

Naogopa kidogo, sitakudanganya. Ila amenipa mkono wake niushike, na una joto.

Usimlaumu babako kukupa jina langu, ndivyo tunavyofanya kwa binti wa kwanza. Nakupenda kupita wote, na wengine wasisikie.

Bibi na somo yako

Kalamata, 2 Aprili 1986

Bibi,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali vipi.

Baba anasema moyo wako ulisimama wewe ukiwa umekaa kitini. Sikumbishia. Barua yako niliikuta chini ya mlango, na hakuna aliyesikia hatua kwenye ngazi. Nimekukasirikia wiki mbili nzima. Sasa nimechoka kukukasirikia, nakukumbuka tu.

Nilimuuliza dereva wa basi kama anafika mbele zaidi ya kijiji chako. Amesema barabara inaishia hapo. Kwa hiyo hii nitaiweka kwenye daftari.

Leo mwalimu aliita majina. Alipofika kwa Garufalia Lirakou nilikaa kimya, nilikuwa nakungoja wewe uitike kwanza. Akaita mara ya pili, darasa zima likageuka kuniangalia. Nikasema, "Nipo."

Mjukuu wako,
Garufalia